Pakiti ya gramu 92: nimeigawa miaka tisa, hii ndiyo tathmini yangu

Wenzangu huandika tathmini za simu na za majiko ya gesi. Mimi kitu nilichokishika mara nyingi kuliko simu yangu ni pakiti ndogo ya karatasi ya kung'aa, gramu 92, ambayo ndani yake kuna karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, vitamini na madini. Kwenye miongozo inaitwa chakula tiba kilicho tayari kuliwa. Kwenye foleni inaitwa chakula dawa, na hilo ndilo jina nitakalolitumia. Nimeigawa miaka tisa, sehemu za mafuriko na sehemu za ukame, chini ya turubai, chini ya mti, na siku moja ndani ya mtumbwi kwa sababu hapakubaki mahali pakavu pa kutundika mizani. Viwanda sitavitaja. Nilizozishika zimetoka viwanda mbalimbali, tofauti zao ni ndogo, na malalamiko yangu makubwa hayawahusu.

Mwenye haraka achukue hii aende zake: nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeishikilia, na kinachonifanya niishikilie hakimo ndani ya pakiti.

Ili uone ubora wake, ni lazima ujue kilichokuwepo kabla yake. Mtoto mwenye utapiamlo mkali alikuwa analazwa. Akianza anapewa maziwa ya F-75, mepesi, ya kuutuliza mwili. Akipata nafuu anahamia F-100, yenye kilokalori 100 kwa kila mililita 100. Maziwa hayo bado yanatumika wodini kwa mtoto aliyezidiwa, na sina ugomvi nayo. Lakini yanakorogwa kwa maji yaliyochemshwa, na yakishakorogwa hayasubiri. Saa chache kwenye joto, yameshageuka shamba la vijidudu. Basi mama alikuwa anakaa wodini wiki tatu, nne, analala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe, huku nyumbani ameacha wengine watatu na shamba linaota magugu. Muuguzi aliyenifundisha kazi aliniambia kwamba wengi waliondoka alfajiri bila kuaga, na wao walikuwa wanawaandika "mtoro" kwenye daftari. Akasema neno lile linamuuma mpaka leo, maana mama hakuwa anamkimbia mtoto, alikuwa anawakimbilia wengine.

Mwaka 1996 Mfaransa André Briend, mtaalamu wa lishe ya watoto, pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, walichukua mchanganyiko wa F-100, wakapunguza sehemu ya maziwa ya unga na badala yake wakatia karanga zilizosagwa. Hiyo ndiyo Plumpy'Nut, baba wa pakiti zote nilizowahi kuzigawa. Husimuliwa kwamba Briend wazo alilipata akiitazama chupa ya Nutella. Hadithi tamu, na imezipa karanga sifa nyingi kuliko zinavyostahili.

Kwa maoni yangu, ujanja wa bidhaa hii uko kwenye kitu ambacho hakimo: maji. Vijidudu haviwezi kuzaana pasipo maji, na ndani ya pakiti hii kila chembe ya maziwa imefunikwa na mafuta. Unaifungua asubuhi, mtoto anakula robo, unakunja pembe, unaiweka kando ndani ya hema lenye joto la kuoka, mchana anaendelea na jioni anamaliza. Bado ni salama. Haitaki sufuria, haitaki kuni, haitaki mtu anayejua kusoma vipimo vya kukorogea. Ambayo haijafunguliwa inakaa miaka miwili.

Aliyewahi kuishi kwenye mafuriko ataelewa mara moja. Maji yako kila mahali, yamefika magotini, na hakuna hata kikombe kimoja cha kunywa, kwa sababu vyoo vya mtaa mzima vimo ndani ya maji hayo hayo. Ukimpa mama wa hapo maziwa ya kukoroga, umempa mtoto wake kuhara. Ukimpa pakiti, umempa kilokalori 500 ambazo mafuriko hayawezi kuzigusa. Nyota mbili nimezitoa hapo, kwa mkupuo.

Halafu unaibuka mkosi wake. Chakula kisichotaka maji kinaleta kiu kali. Kinaganda kinywani, kina sukari na mafuta mengi, na mtoto anayekula pakiti mbili tatu kwa siku lazima anywe maji safi ya kutosha, tena mara kwa mara. Viwango vya kibinadamu vya Sphere vinasema mtu mmoja apate walau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupikia na kuogea. Nimefanya kazi kambi ambayo familia ya watu sita ilikuwa inashindania dumu moja la lita 20. Siku ile ya kwanza nilimweleza mama mmoja, kwa sauti yangu ya semina, "Mpe na maji safi ya kunywa." Alilitazama dumu, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, daktari." Mimi si daktari, na yeye hakuwa na maji. Tukaachana hivyo, kila mmoja na adabu zake.

Ladha sasa, maana tathmini ya chakula bila ladha ni utapeli. Nimekula pakiti nzima mara mbili. Ya kwanza kwa udadisi, siku ya mafunzo. Ya pili kwa njaa, barabara ilipokatika, na ile pakiti ilikuwa imepasukia kwenye boksi, kwa hiyo msinihukumu. Sukari inatangulia, karanga zinafuata, maziwa yanakuja polepole. Mwisho kabisa, nyuma ya ulimi, unasikia kama umelamba kijiko cha chuma: hayo ni madini. Inanata kwenye kaakaa, ulimi unafanya kazi ya kijiko. Mtu mzima aliyeshiba ataichoka akiwa nusu. Mtoto hachoki upesi, ingawa wiki ya tano au ya sita wapo wanaoikataa, na mama anayekwambia "ameichoka" usimbishie. Nawe jaribu kula kitu kimoja wiki sita.

Kwenye joto mafuta yanajitenga na kupanda juu, kwa hiyo kabla ya kufungua unaifinyafinya pakiti kama unayekanda unga, mpaka ichanganyike. Usipofanya hivyo mtoto atakunywa mafuta kwanza na atabakiwa na tope gumu chini. Hili halikosi kusahaulika. Kuna na mkato mdogo pembeni wa kuchania, ambao ni mzuri sana kwa mtu mwenye mikono mikavu. Mikono ikiwa na mafuta ya pakiti iliyotangulia, unateleza. Akina mama wanatumia meno. Nimeona jino la mbele la mtu likivunjika kidogo, sicheki. Maandishi ya pakiti nyingi yako kwa lugha ambazo kwenye foleni zangu hakuna aliyezisoma, na michoro inaeleweka nusu: mmoja aliniuliza kwa nini yule mtoto wa kwenye picha anakunywa kutoka kwenye kikombe wakati nimemwambia chakula hiki hakichanganywi na maji.

Kuhusu kama inaponya, hapo nisingependa kupoteza muda wa mtu. Inaponya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijaribiwa majumbani Malawi na Ethiopia, na mwaka 2005 Niger ilipoingia kwenye njaa, Madaktari Wasio na Mipaka walitibu watoto zaidi ya 60,000 wenye utapiamlo mkali, wengi wao wakilala kwao. Mwaka 2007 WHO, UNICEF, WFP na kamati ya lishe ya Umoja wa Mataifa zikatoa tamko la pamoja: mtoto asiye na ugonjwa mwingine mzito, mwenye hamu ya kula, atibiwe nyumbani. Wodi zikapata nafasi, na neno "mtoro" likapungua kwenye madaftari.

Hilo la hamu ya kula tunalipima, na ndipo mahali ninapoipenda kazi hii. Mama ananawa mikono, anakaa pembeni pasipo kelele, anampakata mtoto na kumpa pakiti. Hakuna kulazimisha. Anayeikataa anapelekwa hospitali, kwa sababu mwili unaokataa sukari na karanga ukiwa umekonda namna ile umeficha jambo. Nakumbuka mvulana wa miezi kumi na minne, mzunguko wa mkono wake wa juu milimita 109. Uso wa mzee. Halii, na hicho ndicho kinachotisha, mtoto aliyefika hapo hana nguvu za kulia. Mama yake alikamua kidogo kwenye ncha ya kidole, kama punje moja ya karanga, akamtia mdomoni. Akakaa nacho. Hakumeza, hakutema, macho yameganda ukutani. Nikaanza kuandika barua ya rufaa. Nilipofika kwenye tarehe nikasikia sauti ndogo ya karatasi ikikwaruza: ameishika pakiti kwa mikono miwili, pembe iko mdomoni, ananyonya, na mama yake anapotaka kumsaidia kuikamua anauvuta mkono wake kwa hasira. Hasira! Niliichana ile barua.

Tukiacha ladha na mikono, kuna sifa moja ya pakiti hii ambayo haiandikwi kwenye boksi: haitaki kitambulisho.

Mgao wa familia, yaani gunia la nafaka, mikunde, mafuta na chumvi, unapita kwenye orodha. Orodha inaandikwa na mtu, na mtu ana ndugu na majirani. Anayeandikwa ni mwenye nyumba inayojulikana na jina linaloitwa mikutanoni. Anayerukwa ni mfugaji anayehama na mifugo yake, kibarua aliyepanga chumba bondeni, mjane anayeishi kwa shemeji, mkimbizi asiye na karatasi, watu wa jamii ndogo ambao lugha yao mwandishi wa orodha haijui na haoni haja ya kutafuta mkalimani. Kwa bahati mbaya ndio hao hao wanaoishi kwenye ardhi inayofurika na kwenye miteremko inayoporomoka, kwa kuwa ardhi isiyofurika ilishachukuliwa zamani. Maji yakija yanaanza nao. Orodha zikija zinaishia kabla yao.

Utepe wa kupimia mkono hauulizi hayo. Unauzungusha katikati ya mkono wa juu wa kushoto, baina ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, ana utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 125 ni kijani. Kuna na kipimo cha dole gumba: unabonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu, ukiachia na shimo likabaki, mtoto anaingia kwenye tiba hata kama mkono wake unaonekana mnene, maana ule ni uvimbe. Hakuna mwenyekiti anayeweza kumtetea shemeji yake mbele ya utepe. Kwa hiyo mara nyingi kitu cha kwanza kinachofika kwenye nyumba iliyosahauliwa na wote ni pakiti hizi. Na mara nyingi kinakuwa ndicho kitu pekee.

Nimsimulie bibi mmoja. Alikuja na mjukuu wa kike wa miezi kumi na sita, kilo 6, mkono milimita 111. Hamu ipo, homa haipo, uvimbe haupo. Kwa uzito ule ni pakiti mbili kwa siku, 14 kwa wiki. Nikamhesabia, nikamweleza: hii ni dawa ya huyu tu, haigawanywi, urudi na pakiti tupu. Wiki iliyofuata akarudi nazo zote 14, amezisuuza, amezikunja mara mbili mbili na kuzifunga kwa uzi, nadhifu kama barua za posta. Mizani ikasema kilo 6.1. Mimi nilitarajia gramu 200 au zaidi. Nikampa nyingine 14. Wiki ya tatu akarudi na kifurushi kile kile cha uzi, na mizani ikakataa kusogea.

Nikavaa ile sauti ya semina. "Bibi, mtoto anakula peke yake?"

Akakaa kimya kidogo, akirekebisha khanga. "Mwanangu, wako wanne."

Mama yao alikuwa ameondoka kutafuta kibarua mjini baada ya maji kuchukua shamba, na habari zake zilikuwa zinakuja kwa nadra. Bibi alikuwa anakamua pakiti kwenye sahani na kugawa kwa kijiko, sawa kwa sawa, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa miezi kumi na sita. Nilipiga hesabu pembeni ya daftari. Pakiti mbili ni kilokalori 1,000 kwa siku, ukigawa kwa wanne ni 250 kila mmoja. Kiwango cha kupangia mgao wa dharura ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo nyumba ile ya watu watano ilihitaji 10,500. Sisi tulikuwa tumeingiza 1,000, tukasimama mlangoni kuhakikisha wanne kati ya watano hawazigusi. Na kwenye fomu yetu kulikuwa na kisanduku kimoja tu kilichokaribiana na habari hiyo: "Mlezi hafuati maelekezo." Zile 9,500 zilizokosekana hazikuwa na kisanduku.

Nilikiweka alama kisanduku kile, siku ile. Nilikuwa na foleni ya watu sitini nyuma yake. Naandika hapa kwa sababu nimechoka kusoma ripoti zinazosema akina mama "wanahitaji elimu ya kutogawana". Bibi yule aligawa kwa haki kuliko orodha yoyote niliyowahi kuiona. Kinachotakiwa ni mgao wa kinga, yaani chakula cha nyumba nzima kinachotoka siku ile ile na pakiti za mgonjwa, kwa kigezo hicho hicho cha mkono wa mtoto na si kwa orodha ya mwenyekiti. Nimefanya kazi sehemu mbili ambako ulikuwepo, na mizani zake zilikuwa zinapanda kama inavyotakiwa. Nimefanya kazi sehemu nyingi zaidi ambako haukuwepo. Nyota ya tano iko hapo.

Wanaouliza kama kuna mbadala: upo, kwa kazi nyingine. Unga wa mahindi na soya uliorutubishwa unafaa kwa watoto wa njano, unaonekana kama chakula cha nyumbani na kuugawana si kosa, lakini unataka maji, sufuria na kuni, vile vitu vitatu ambavyo mafuriko huviondoa siku ya kwanza. Biskuti za nguvu ni nzuri siku zile za mwanzo watu wakiwa darasani au juu ya paa, ingawa wazee wasio na meno wanazilowesha na kurudi kwenye shida ya maji. Fedha taslimu naziunga mkono kwa moyo wote pale soko linaposimama; barabara ikikatika noti hazina kazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomponya mtoto wa milimita 109, na pakiti nayo haiwezi kuwa mlo wa nyumba.

Kuna wasioiweza kabisa. Chini ya miezi sita haitolewi, huyo ni wa maziwa ya mama, na ndiyo maana mama anayenyonyesha naye anahitaji kula, jambo ambalo pakiti haina jibu lake. Mkubwa zaidi anayenyonya anyonyeshwe kwanza, pakiti ifuate. Watoto wenye mtindio wa ubongo au mdomo uliopasuka wanapata taabu kuimeza kwa jinsi inavyonata. Nimemwona mama akitumia saa nzima kwa robo pakiti, kidole kwa kidole, na kwenye takwimu zetu mtoto wake alikuwa "haitikii tiba". Wazee hawapimwi na mtu. Na mtu asidhani pakiti inatibu udumavu. Makadirio ya UNICEF, WHO na Benki ya Dunia kwa mwaka 2022 yalihesabu watoto milioni 45 wa chini ya miaka mitano waliokonda kuliko urefu wao, kati yao milioni 13.6 vibaya sana, na hao wa mwisho ndio wateja wetu. Wadumavu walikuwa milioni 148. Hao walikula kidogo na vibaya miaka mingi, kimyakimya, hakuna pakiti ya wiki nane itakayowarudishia sentimita zao.

Usafirishaji nitaupitia haraka, maana nikianza kulalamika sitamaliza. Boksi lina pakiti 150, kilo 13.8 bila kuhesabu karatasi, karibu tiba nzima ya mtoto mmoja. Linabebeka kichwani, na hiyo ni sifa. Panya wanaijua harufu yake kupita kiasi, inua maboksi juu ya mbao na yasiguse ukuta. Jambo lisilobebeka ni ratiba. Mvua inakuja kila mwaka na kila mtu anajua mwezi wake, ila shehena hufika barabara ikishakatika. Msimu mmoja shirika nililolifanyia kazi, nisilitaje, liliacha maboksi ng'ambo ya daraja lililobomoka siku 19. Tulikuwa tunayaona. Mwishowe wavuvi waliyavusha kwa mtumbwi, 11 kwa safari, na hawakudai malipo zaidi ya kuomba watoto wao wapimwe. Watatu walikuwa njano.

Viwanda vya karibu vingepunguza safari hizo, na katika nchi kadhaa vipo. Hataza ya mwanzo iliyolinda mchanganyiko huu, ambayo watu walipelekana mahakamani Marekani kwa ajili yake, muda wake umeshaisha. Kizuizi kilichobaki ni karanga zenyewe: zikikaushwa vibaya au kuhifadhiwa kwenye unyevu zinaota ukungu wenye sumukuvu, kwa hiyo kila shehena lazima ipimwe, na maabara ni ghali. Maziwa ya unga nayo ndiyo yanayopandisha gharama. Wapo wanaojaribu kuyapunguza kwa soya na nafaka. Niliwahi kugawa ya namna hiyo kwa muda. Watoto waliila, ladha ilikuwa ya ungaunga, sina la kuongeza.

Na takataka. Karatasi zile haziozi. Maji yakipungua zinabaki zimeng'ang'ania miti, zinameta. Watoto wanazitengenezea magari, bibi wa uzi alikuwa ameziba nazo tundu la turubai lake, lakini hakuna aliyewahi kunitumia mpango wa kuzikusanya.

Jina la bibi liliingia kwenye mgao wiki ya tano, baada ya mimi kulipeleka ofisini mara tatu na mara ya tatu kukaa kitini mpaka likaandikwa. Wiki ya sita mtoto aliongezeka gramu 240. Nilimpa bibi utepe wa kwake, siku hizi tunawafundisha walezi kupima wenyewe, na akaushika vizuri kuliko baadhi ya wafanyakazi wetu: haukazi, hauachii. Wiki ya kumi na ya kumi na moja mfululizo mkono ulisoma 126, tukamtoa kwenye daftari.

Wiki mbili baadaye nikamwona tena kwenye foleni. Nikashtuka, nikadhani mtoto amerudi nyuma. Mgongoni alikuwa na mtoto nisiyemjua, na ule utepe amejifunga kifundoni kama bangili.

"Shikamoo, bibi. Huyu wa nani?"

"Marahaba. Wa jirani. Nimempima mara mbili, mara zote nyekundu. Mama yake anaogopa kuja, hana karatasi."

"Hapa hatuulizi karatasi."

"Najua," akasema, akimshusha na kumkalisha kwenye mizani, akimshikilia mgongo asianguke. "Lakini hawa wako watano. Utawapa ngapi?"